Leseni Mpya, Kazi ya Nani? Historia ya OpenOffice na Somo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka idara za Kiswahili katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki huzalisha kazi nyingi ambazo hazifiki madukani: orodha za istilahi zilizokusanywa na wanafunzi, tafsiri za mazoezi, hadithi zilizonukuliwa kutoka kwenye kanda. Kazi hizo hukaa katika kompyuta ya mhadhiri mmoja. Akistaafu au akihama, hubaki humo humo. Na pakitokea mtu wa kutaka kuzitumia, kwa mfano katika kamusi au katika programu ya kusahihisha tahajia, swali la kwanza huwa gumu kuliko linavyoonekana: ni nani aombwe ruhusa?

Makala hii inakusudia kulitazama swali hilo kwa jicho la historia. Mfano wetu ni OpenOffice, programu huria ya ofisi ambayo kati ya mwaka 2000 na 2013 ilipitia mabadiliko kadhaa ya leseni, na ambayo ilitafsiriwa kwa Kiswahili mapema. Hoja yetu ni kwamba leseni mpya haichaguliwi siku ile ya kubadilisha. Uwezo wa kuichagua huamuliwa mapema zaidi, siku mchangiaji wa kwanza anapokabidhi kazi yake, kutegemea kama alitia sahihi, alitia sahihi ya nini, na kwa faida ya nani.

Leseni ni maneno

Tuanze na maana. Sheria za hakimiliki humpa mwandishi wa programu haki zilezile anazopewa mwandishi wa riwaya: bila idhini yake, mtu mwingine haruhusiwi kuinakili, kuibadilisha wala kuisambaza. Leseni ndiyo idhini hiyo ikiwa imeandikwa. Programu huitwa huria pale leseni yake inapomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza.

Hata hivyo, leseni huria si za namna moja. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL. Leseni hiyo ina sharti la kurithisha: ukiibadilisha programu na kuisambaza, huna budi kuutoa msimbo wako chini ya leseni ileile. Waliobuni jina la sharti hilo walicheza na maneno. Neno la Kiingereza la hakimiliki lina kipande chenye maana ya haki, ambacho pia humaanisha upande wa kulia. Wao wakakibadilisha kipande hicho kiwe kushoto. Walimu wa semantiki watakubali kwamba hapo sheria nzima ilipinduliwa kwa neno moja.

Aina ya pili ni leseni nyepesi, kama ile ya Apache ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka Januari 2004. Hii humruhusu mtu kuuchukua msimbo, kuuchanganya na wake, na kuiuza programu ikiwa imefungwa, mradi atunze majina ya waandishi na ilani zao. Kati ya aina hizo mbili zimo leseni za katikati, kama LGPL na MPL. Hizi hulazimisha mabadiliko ya msimbo ulio huria yabaki huria, lakini huruhusu programu nyingine iliyofungwa ikae kando yake na kufanya nayo kazi.

Tofauti hizi zina matokeo yanayofanana na ya mto. Kazi yenye leseni nyepesi inaweza kutiririka na kuingia katika mradi wenye sharti la kurithisha, lakini haiwezi kurudi juu mlimani. Tuushike mfano huu wa mto, kwani tutauhitaji mbele.

Mwanzo wa OpenOffice, 2000

Mwaka 1985 kijana Mjerumani, Marco Börries, alianzisha kampuni ya StarDivision, ambayo baadaye ilitengeneza StarOffice. Kampuni ya Kimarekani ya Sun Microsystems iliinunua StarDivision mwaka 1999. Julai 2000 Sun ikatangaza kwamba itaufungua msimbo wa StarOffice, na tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo msimbo ukawekwa hadharani kwa jina la OpenOffice.org.

Sun haikuchagua leseni moja, ilichagua mbili. Ya kwanza ilikuwa LGPL. Ya pili ilikuwa SISSL, leseni ya Sun yenyewe, iliyoruhusu mtu kubadilisha msimbo bila kuyaonyesha mabadiliko yake, ili mradi asivunje viwango vilivyokubaliwa. Mchukuaji alikuwa huru kuchagua mojawapo. Kampuni kubwa ya IBM iliutumia msimbo huo kwa njia ya SISSL katika bidhaa zake za ofisi.

Lakini jambo lililokuja kuwa na uzito zaidi halikuwemo katika leseni hizo. Lilikuwa katika karatasi nyingine. Kila mtu aliyetaka kuchangia msimbo alitakiwa kutia sahihi mkataba wa kuifanya Sun kuwa mmiliki mwenza wa hakimiliki ya mchango wake. Mchangiaji alibaki na haki yake, lakini Sun nayo ilipata haki kamili ya kuufanyia mchango huo ipendavyo, ikiwa ni pamoja na kuuweka ndani ya bidhaa zake zilizofungwa. Wengine walitia sahihi bila kinyongo. Wengine walikataa, na kazi zao zikawa zinakusanywa pembeni, katika toleo lililojulikana kama Go-oo, lililosimamiwa hasa na watu wa kampuni ya Novell.

Kiswahili kinaingia, 2004

Ni katika kipindi hicho ndipo lugha yetu ilipoingia katika habari hii. Mradi wa Kilinux, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Uswidi, ulitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili. Desemba 2004 programu ikatolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Mtumiaji aliweza kufungua waraka, kuuhariri na kuuchapa akisoma Kiswahili katika kila menyu.

Ni vyema kujiuliza kwa nini kazi hiyo iliwezekana. Watafsiri hawakuhitaji kuisubiri kampuni ya ng'ambo ipige hesabu ya faida ya soko la Kiswahili. Leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu. Hii ndiyo maana halisi ya uhuru kwa lugha ambayo wenye viwanda hawaihesabu: hakuna anayeombwa, kwa sababu idhini imetangulia kuandikwa.

Hata hivyo kuna upande wa pili. Tafsiri yenyewe ni kazi yenye hakimiliki. Anayebuni istilahi na kuandika maelfu ya sentensi za menyu na msaada ni mwandishi kama mwandishi mwingine. Kwa hiyo swali la nani anaimiliki kazi, na itafuata leseni gani pindi mradi utakapobadilika, lilimhusu mtafsiri wa Kiswahili sawa na lilivyomhusu mhandisi wa Hamburg.

Mabadiliko mawili kwa sahihi moja

Septemba 2005 Sun iliacha kutumia SISSL, na kuanzia hapo OpenOffice ikabaki na LGPL peke yake. Mwaka 2008, toleo la 3.0 lilipokuwa linaandaliwa, Sun ikabadilisha tena, kutoka LGPL toleo la 2.1 kwenda toleo la 3. Mara zote mbili badiliko lilikuwa jepesi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu kilikuwa ule mkataba wa umiliki mwenza. Sun haikuhitaji kumwuliza mtu.

Ili kuona wepesi huo ulivyokuwa wa ajabu, tuulinganishe na mradi wa Mozilla, ambao baadaye ulizaa Firefox. Kampuni ya Netscape iliutoa msimbo wake tarehe 31 Machi 1998 chini ya leseni mbili zilizoandikwa na mwanasheria wake, Mitchell Baker: NPL na MPL. NPL iliipa Netscape upendeleo ambao wachangiaji wengine hawakuwa nao. Aidha, leseni zote mbili hazikupatana na GPL, hivyo msimbo wa Mozilla haukuweza kuchanganywa na wa miradi mingi mikubwa ya programu huria.

Mwaka 2001 Mozilla ikaanza kazi ya kuuweka msimbo wote chini ya leseni tatu kwa pamoja, yaani MPL, GPL na LGPL, ili kila mchukuaji achague inayomfaa. Lakini hapakuwa na mkataba wa umiliki wa pamoja. Kila mchangiaji alikuwa bado mwenye mali yake, na kila mmoja alipaswa kutafutwa na kuombwa idhini. Walikuwa mamia. Gervase Markham, aliyeisimamia kazi hiyo, pamoja na wenzake, waliwatafuta watu waliokuwa wamebadilisha ajira na anwani. Kazi ilikamilika Machi 2006. Badiliko ambalo Sun ililifanya kwa sahihi moja, Mozilla ililifanya kwa takriban miaka mitano.

Je, basi Sun ndiyo iliyokuwa na busara? Msomaji asiharakishe. Miaka mitano ya Mozilla ilikuwa gharama ya kuheshimu kila mwenye mali. Wepesi wa Sun nao ulikuwa na gharama yake, ila malipo yalicheleweshwa.

Mgawanyiko, 2010 hadi 2013

Malipo yalikuja Sun ilipouzwa. Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun, na kwa ununuzi huo ikarithi haki zote ambazo wachangiaji walikuwa wameikabidhi Sun kwa miaka kumi. Waliotia sahihi walikuwa wamemwamini mwenye nyumba mmoja. Wakaamka na kumkuta mwingine.

Tarehe 28 Septemba 2010 wachangiaji wengi walijitenga, wakaunda taasisi ya The Document Foundation na kutoa programu kwa jina la LibreOffice. LGPL iliwaruhusu kufanya hivyo. Msimbo wakauchukua, jina wakaliacha. Na katika siku zao za mwanzo walichukua uamuzi uliokuwa na maana kubwa kuliko jina: hawakumtaka mchangiaji akabidhi hakimiliki. Walimtaka aandike tamko tu kwamba mchango wake unaruhusiwa chini ya LGPL toleo la 3 na pia chini ya MPL. Hakimiliki ikabaki kwa mwenyewe, nao mradi ukabaki na njia ya kuchagua leseni baadaye bila kuwasaka watu.

Aprili 2011 Oracle ilitangaza kwamba haitaendelea kuiuza OpenOffice kibiashara. Juni mwaka huo ikaikabidhi kwa taasisi ya Apache Software Foundation, kwa kuungwa mkono na IBM. Leseni mpya ikawa ya Apache, yaani ile nyepesi. IBM ilikuwa na sababu ya kuipenda: ilitengeneza bidhaa zake juu ya msimbo huo, na leseni nyepesi haikuilazimisha kuyatoa mabadiliko yake.

Hapa ndipo mfano wa mto unapotufaa. Baada ya Juni 2011 palikuwa na miradi miwili iliyozaliwa na mama mmoja. Apache OpenOffice ilikuwa juu mlimani, LibreOffice bondeni. LibreOffice ingeweza kuchukua kila kilichoandikwa na Apache OpenOffice. Apache OpenOffice haikuweza kuchukua kilichoandikwa na LibreOffice, isipokuwa mwandishi mwenyewe akubali kukitoa upya chini ya leseni ya Apache. Kwa hakika LibreOffice ilikwenda mbali zaidi. Iliujenga upya msingi wake juu ya msimbo ambao sasa ulikuwa na leseni ya Apache, ikaongeza michango yote iliyokusanywa tangu 2010 yenye yale matamko, na kufikia toleo la 4.0, Februari 2013, ikawa inatolewa chini ya MPL toleo la 2.0 pamoja na LGPL. Lile tamko fupi la mwanzo ndilo lililofanya jambo hilo liwezekane.

Matokeo yanajulikana. Usambazaji mkubwa wa Linux, kama Ubuntu tangu Aprili 2011, ulihamia LibreOffice, ambayo imekuwa ikitoa matoleo makubwa takriban mara mbili kwa mwaka. Apache OpenOffice ilitoa toleo la 4.1 Aprili 2014, na kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata matoleo yake yamekuwa ya marekebisho ndani ya mfululizo huohuo. Mwanahistoria hapaswi kudai kwamba leseni peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Watu walikuwa wamekwisha kuhama kabla ya Oracle kuchagua, kwa kuwa walichoshwa na kutawaliwa na kampuni moja. Lakini leseni ilihakikisha kwamba kila tone lililodondoka mlimani lilifika bondeni, na hakuna lililopanda.

Somo kwetu sisi wa Kiswahili

Mwalimu mwenzangu anaweza kuuliza: yote haya yanatuhusu nini, sisi ambao hatuandiki programu? Yanatuhusu kwa sababu tunaandika kile ambacho programu za Kiswahili zinakihitaji, yaani maneno. Ndani ya LibreOffice imo orodha ya maneno ya Kiswahili ya kukagulia tahajia, yenye leseni ya LGPL. Iliingia humo kwa kuwa aliyeitengeneza aliandika leseni inayopatana na programu hiyo. Orodha nyingine nyingi, pengine bora kuliko hiyo, zimo katika makabati ya idara zetu na hazitaingia popote.

Kwanza, zipo kazi zisizo na leseni kabisa. Wapo wanaodhani kwamba kazi isiyoandikwa lolote ni mali ya umma. Kinyume chake ndicho kilicho kweli: pasipo na idhini, sheria huhesabu kwamba haki zote zimehifadhiwa. Orodha ya istilahi iliyotengenezwa na darasa la wanafunzi 40 ina waandishi 40. Waulizwe wakiwa bado darasani, inatosha dakika kumi. Waulizwe baada ya miaka 15, tutakuwa tumejitwisha kazi ya Mozilla, bila fedha za Mozilla.

Pili, yapo masharti tunayojibunia. Idara nyingi hupenda kuandika "kwa matumizi ya elimu tu" au "si kwa biashara". Nia ni njema. Hatutaki mfanyabiashara aneemeke kwa jasho la wanafunzi. Lakini sharti hilo haliwezi kukaa ndani ya programu huria, kwa kuwa programu huria haimbagui mtumiaji, awe mwalimu au mwenye duka. Tunapoliandika, mfanyabiashara hatumzuii sana, kwani anaweza kukusanya orodha yake. Anayezuiwa ni yule mwanafunzi wa Gulu au Gitega ambaye angefungua programu ya bure na kukuta kisahihishi cha Kiswahili kilicho kamili. Anayeogopa kunyonywa ana dawa nyingine: achague leseni yenye sharti la kurithisha. Hiyo haimkatazi mtu kuuza, ila humkataza kuifungia kazi iliyotolewa bure.

Tatu, lipo suala la kukabidhi haki. Wafadhili na wachapishaji wengine hututaka tuwakabidhi hakimiliki yote. Historia ya Sun inatufundisha kwamba tunayemkabidhi leo siye atakayekuwa nayo kesho. Kampuni huuzwa, miradi hufungwa, maofisa hubadilishwa. Pale inapowezekana, tutoe ruhusa, tusitoe umiliki.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na Rwanda ilikuwa imekwisha kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mahitaji ya istilahi, vitabu na programu za Kiswahili yanaongezeka katika nchi ambazo wataalamu wake ni wachache. Hatuna ziada ya kupoteza. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba kila mradi wa wanafunzi unaozalisha maneno au matini uwe na ukurasa mmoja wenye mambo manne: majina ya walioshiriki, tarehe, leseni iliyochaguliwa miongoni mwa zile zinazojulikana, na tamko la kila mshiriki kwamba ameafiki. Kama inawezekana, tamko hilo litaje leseni mbili badala ya moja, kama walivyofanya watu wa LibreOffice, ili watakaotufuata wawe na nafasi ya kuchagua.

Ukurasa huo si wa wanasheria. Unaweza kuandikwa kwa Kiswahili fasaha katika kipindi kimoja, na ni zoezi zuri la uandishi wa kiuamilifu kwa mwaka wa pili. Wahenga walikwisha kulisema: mali bila daftari hupotea bila habari.